Kalamu Ikigoma: Mwongozo Kamili kwa Mwandishi wa Hadithi na Mashairi Aliyekwama

Una mswada kwenye simu au kwenye daftari. Ulianza vizuri, ukafika mahali, na tangu hapo haujaongezeka hata sentensi. Kila ukiufungua unasoma aya ya mwisho, unabadilisha neno moja, unalirudisha lilivyokuwa, unafunga. Mwongozo huu ni wako. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi wanaoandika hadithi fupi, riwaya na mashairi kwa Kiswahili, wengi wao wakiandika usiku baada ya kazi inayowapa ugali, bila mhariri wala chumba cha peke yao.

Ninaloliamini ni hili: mwandishi aliyekwama mara nyingi hajaishiwa kipaji wala akili. Ameishiwa vitu vya kuandika. Amekaa na kichwa chake muda mrefu mno bila kuona, bila kusikia, bila kujibizana na mtu. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zitakutoa kwenye kiti kwanza, halafu zitakurudisha ukiwa na kitu mkononi.

Hatua ya 1: Jua umekwama wapi hasa

Usianze kutafuta dawa kabla ya kujua ugonjwa. Chukua karatasi, andika "Siendelei kwa sababu…" kisha umalizie haraka bila kuchagua maneno. Andika tena sentensi hiyohiyo na umalizie kwa namna nyingine. Endelea mpaka majibu yaanze kujirudia. Jibu la kwanza huwa la heshima ("sina muda"), la nne au la tano ndilo la kweli.

Majibu ya kweli yana makundi yake. Kuna asiyejua kitakachotokea baadaye katika hadithi. Kuna anayejua kitakachotokea lakini hajui mambo yenyewe: anataka kumpeleka mhusika mahakamani na hajawahi kukanyaga mahakama hata ya mwanzo. Kuna anayejua vyote ila anaogopa, kwa sababu shangazi atajiona ndani ya hadithi, au kwa sababu mwalimu wa zamani bado anamsahihishia insha kichwani. Na kuna aliyechoka tu, mwili na roho.

Asiyejua kitakachotokea aende hatua ya 2. Asiyejua mambo aende moja kwa moja hatua ya 3. Mwenye woga asome hatua ya 6 kabla ya nyingine zote. Aliyechoka alale. Na kama uchovu wenyewe umekuwa wa kukosa usingizi wiki baada ya wiki na kutoona ladha ya chochote, si cha maandishi tu, huo haumo katika uwezo wa mwongozo huu. Umwone daktari au mshauri nasaha, na mswada utakungoja.

Hatua ya 2: Rudi nyuma, kosa liko kurasa za mwanzo

Mahali unaposimama si lazima pawe ndipo palipoharibika. Mara nyingi hadithi ilishakosea njia kurasa kadhaa nyuma, ila ikaendelea kutembea kwa mazoea mpaka ikaishiwa nguvu.

Tuchukue mfano tuutumie hadi mwisho. Unaandika hadithi ya Zuhura, mjane wa Dar es Salaam anayenunua samaki katika soko la Feri na kuwakaanga jioni nje ya nyumba. Shemeji yake anataka kumtoa kwenye nyumba aliyoacha marehemu. Umeandika msiba vizuri, umeandika shemeji alivyokuja na maneno yake, na sasa Zuhura amekaa mkekani analia. Amelia ukurasa mzima. Wewe nawe umekwama.

Rudi uulize swali moja tu: leo, siku hii ndani ya hadithi, Zuhura anataka nini kabla jua halijazama? "Anataka haki" ni jibu la risala. "Anataka furaha" halifai pia. Tafuta kitu ambacho akikipata utakiona kwa macho. Mpe hiki: Zuhura yumo kwenye mchezo wa fedha, wa kuchangishana na kupokezana kwa zamu, na wenzake wa mtaani, na leo lazima hela imfikie kijumbe, anayekusanya michango, kabla ya magharibi, la sivyo jina lake litaharibika kwa wanawake wote wanaomwamini. Hela hiyo ilikuwa kwenye kopo. Shemeji amepita, kopo ni tupu.

Sasa hawezi kukaa mkekani. Lazima ainuke, akope, auze, aombe, adanganye. Kila mlango atakaobisha ni tukio, na nyumba bado inagombewa, tena kwa uzito zaidi kuliko alipokuwa analia. Fanya hivi kwa mhusika wako: rudi hadi mahali pa mwisho alipokuwa anahitaji kitu cha kushikika, futa yote yaliyofuata (yahifadhi pembeni kama roho inauma), na uanzie hapo.

Hatua ya 3: Toka ukatazame

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa inadai nauli na viatu.

Kama Zuhura ananunua samaki Feri, nenda Feri. Nenda asubuhi, mnada ukiwa umechanganya. Simama usipomzibia mtu njia. Usijaribu kuandika uzuri wa bahari; bahari imeshaandikwa ya kutosha. Ingiza kwenye daftari mambo ya aina tatu tu: maneno kama yalivyotamkwa, harakati za mikono, na jambo ambalo hukulielewa.

Hilo la tatu ndilo lenye mali. Pengine utamwona mama anachukua fungu la samaki bila kutoa hela, na dalali anaandika kitu kwenye daftari lake lililolowa. Pengine utajiuliza kwa nini huyu anapeleka samaki wake kwa wanaopara na yule anawapara mwenyewe pembeni. Uliza. Nunua kitu kwanza, ndiyo adabu ya sokoni, halafu uliza. Utajua nani anakopeshwa na nani hakopeshwi, deni linalipwa lini, barafu inaongezaje gharama, na hasara ni ya nani samaki wakilala. Ghafla unajua mambo kumi ambayo Zuhura anayajua, na mtu anayejua mambo huanza kutenda.

Tazama tofauti. Kabla ya kwenda, aya yako ilikuwa hivi:

*Zuhura alifika sokoni akiwa na mawazo mengi. Maisha yalikuwa yamembana. Alinunua samaki wachache akaondoka kwa huzuni.*

Baada ya kwenda:

*Dalali alitaja bei mara ya pili. Zuhura alikuwa ameshika ndoo kwa mikono miwili, hana mkono wa kunyanyua. Akatingisha kichwa. Dalali akafungua daftari, akalowanisha kidole, akauliza bila kuinua macho: "Nikuandike?" Waliokuwa nyuma wakanyamaza kusikia atajibu nini.*

Huzuni haikutajwa hata mara moja, na ipo. Na huwezi kukwama baada ya "Nikuandike?" kwa sababu lazima ajibu.

Walio mbali na mahali pa hadithi yao wana njia nyingine. Mswahili aliyeko Maskati anayeandika kuhusu Unguja ya utoto wa bibi yake, au aliyeko Minneapolis anayeandika kuhusu Mombasa, ampigie mtu aliyekuwepo. Usimwulize "zamani maisha yalikuwaje?" kwani atakujibu "yalikuwa mazuri, mwanangu" na mazungumzo yatakwisha. Uliza vidogo: mlango ulikuwa unafungwa na nini usiku? Nani alikula kwanza? Maji mlichota wapi, na foleni ikiwa ndefu mlikuwa mnafanya nini? Wazee hufunguka kwa maswali ya namna hii, na jibu la foleni ya maji huweza kukupa sura nzima.

Hatua ya 4: Simulia kwa mdomo kabla ya kuandika

Hadithi zetu zililelewa na wasikilizaji. Msimulizi akisema "Paukwa!" hangoji msukumo umjie, anangoja "Pakawa!" kutoka kwa walio mbele yake, na hiyo ndiyo inayomsukuma. Aliyekaa peke yake mbele ya ukurasa mtupu amenyimwa kiitikio. Kirudishe.

Mtumie rafiki ujumbe wa sauti kwa simu. Usimwambie "nisikilize hadithi yangu unipe maoni", maana atakaa kama hakimu. Anza kama unavyoanza umbea: "Shoga, hujasikia yaliyomkuta Zuhura." Kisha endelea dakika kadhaa bila kusimama. Utashangaa mdomo unavyojua kitakachofuata wakati mkono ulikuwa haujui.

Rafiki akijibu, sifa zake ziweke pembeni, chukua maswali yake. "Kwani huyo shemeji mkewe yuko wapi?" "Sasa kijumbe alimwambiaje?" Kila swali ni tukio ambalo msomaji analisubiri na wewe ulikuwa umelificha. Andika maswali hayo kwenye karatasi. Hiyo ndiyo ramani ya kurasa zako zinazofuata.

Halafu sikiliza sauti yako mwenyewe na uandike ulivyosema. Usikimbilie kuondoa "basi", "kumbe", "mara" na "si akatokea". Maneno hayo hubeba mwendo wa usimulizi wa Kiswahili. Ukiyang'oa yote kwenye rasimu ya kwanza unabaki na lugha ya taarifa ya mkutano, na hapo kalamu inagoma tena.

Hatua ya 5: Tafuta wa kujibizana naye

Washairi wa pwani walikuwa na dawa ya ukimya ambayo tumeiacha bure. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, hakuandika akiwa amejifungia. Mombasa na Lamu zilipokuwa zikivutana, yeye na Zahidi Mngumi wa Lamu walitupiana mashairi. Mmoja akitoa, mwingine anajibu. Baadaye gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kutunga na kujibizana kwa mashairi kurasani. Anayepaswa kujibu hana nafasi ya kukwama: mada ameshapewa, vina ameshapewa, na mtu anamngoja.

Mwombe mwenzako akutupie ubeti, hata wa swali jepesi, nawe ujibu kwa vina vilevile na mizani (silabi) nane kwa nane. Nimetunga mfano. Huu ni wa swali:

*Kalamu yangu yagoma, karatasi yanicheka,*
*Kila neno nikisoma, laanguka lavunjika,*
*Nipe rai ndugu mwema, nianze wapi kushika,*
*Malenga miye nakwama, nani wa kunizindua?*

Na huu wa jibu:

*Ondoka ulipokwama, sokoni nenda zunguka,*
*Sikiza wanayosema, na bei wanazotaka,*
*Kalamu itajituma, wino upate kutoka,*
*Malenga si wa kukwama, hadithi zipo njiani.*

Angalia jinsi masharti yalivyofanya kazi. Kina cha *ka* ndicho kilicholeta "wanazotaka", na "wanazotaka" ndiyo iliyoleta bei. Nisingefikiria bei kama ningekuwa huru kuandika chochote. Mwenye uhuru wote huchagua kati ya maneno elfu na kuganda. Aliyebanwa na kina ana maneno machache, na mojawapo humpeleka asikotarajia.

Mwandishi wa nathari naye atumie mbinu hii. Jipe sharti moja kwa ukurasa mmoja: tukio lote lisemwe kwa mazungumzo tu, au lielezwe na mtoto aliyejificha chini ya kitanda, au neno "alihisi" lisitokee kabisa. Au jibu methali. Chukua "Mgeni njoo, mwenyeji apone", kisha andika tukio ambalo mgeni anakuja na mwenyeji haponi. Kubishana na methali kunaamsha kichwa haraka kuliko kukubaliana nayo.

Hatua ya 6: Rasimu ya kwanza iandike kwa Kiswahili chako

Wapo waandishi wengi ambao hawajakwama hata kidogo, wamefungwa mdomo. Mtu amezaliwa Bukavu, Kakamega, Lamu au Bukoba, anasimulia vizuri mpaka watu wanasogeza viti, lakini akishika kalamu kila sentensi inasimamishwa na sauti inayouliza kama hicho ni Kiswahili sanifu.

Tukumbuke usanifu ulitoka wapi. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia lugha katika makoloni ya Afrika Mashariki. Ulikuwa uamuzi wa kuwezesha shule na vitabu kuwa na lugha moja, na umetusaidia: leo ninakuandikia nawe unanielewa. Lakini haukuwa uamuzi kuhusu nani ana ruhusa ya kusimulia. Mashairi ya Muyaka ni ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, na hakuna anayeyaondolea heshima kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo rasimu ya kwanza iandike kama unavyosema nyumbani kwenu. Kama mhusika wako ni kijana wa Nairobi na anaongea Sheng, mwache aongee. Neno likikosekana kabisa, andika la lugha ya mama, lipigie mstari, songa mbele. Kamusi isifunguliwe kabla rasimu haijaisha, kwa maana anayefungua kamusi kutafuta neno moja hujikuta nusu saa baadaye anasoma herufi M. Usanifishaji una siku yake, na siku hiyo hata mtu mwingine anaweza kukusaidia. Kusimulia hakuna wa kukusaidia.

Woga wa jamaa kujitambua ndani ya hadithi nao utulize kwa vitendo: badilisha kazi, mji na idadi ya watoto wa mhusika, kisha mpe tabia moja ambayo ni ya kwako wewe. Ukishaweka cha kwako ndani, utaandika kwa huruma zaidi.

Hatua ya 7: Jiwekee muda mdogo usiovunjika

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19, aliandika riwaya 47 huku akiajiriwa posta kwa miaka mingi. Alikuwa anaamka alfajiri na kuweka saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Kitu ninachokipenda zaidi katika kisa chake ni kwamba alimlipa mtumishi wake mzee ziada kidogo ili amwamshe na kumletea kahawa. Hakuitegemea nia yake peke yake, alimweka mtu.

Wewe huhitaji maneno 250 kwa robo saa. Chukua dakika ishirini, wakati uleule kila siku, simu ikiwa chumba kingine. Kama nyumba ina watoto na televisheni, wakati wako ni baada ya adhana ya alfajiri au ndani ya daladala ukiwahi kiti. Daftari la karatasi halina arifa na halizimwi na mgao wa umeme. Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya nzima kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni, kwa hiyo ukosefu wa kompyuta tuuondoe kwenye orodha ya sababu.

Ndani ya dakika hizo ishirini kuna ruhusa mbili tu: kuandika, au kukaa bila kufanya chochote. Kusoma ulichoandika jana hakuruhusiwi. Dakika za mwanzo ni ngumu, halafu uchovu wa kukaa bure hushinda woga.

Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, aliwashauri waandishi wachanga waache kazi ya siku wakiwa bado wanajua kinachofuata. Ushauri huu ni wa kweli kabisa. Usimalize tukio ndipo ulale. Mwache Zuhura mlangoni kwa kijumbe, mkono umeinuka kubisha, na ufunge daftari. Chini yake andika mstari mmoja wa kesho: "Anayefungua si kijumbe, ni mumewe."

Hatua ya 8: Awepo anayengoja

Mswada usiongojwa na mtu hulala. Tafuta wenzako wawili au watatu wanaoandika, mkubaliane kila Jumamosi kila mmoja apeleke kurasa mbili, ziwe nzuri ziwe mbaya. Sharti la kikundi liwe moja: msomaji aseme mahali alipotaka kuendelea na mahali alipochoka, basi. Kikundi kinachoanza na kusahihisha sarufi hufa mapema.

Tarehe za tuzo pia husaidia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2023, na kabla yake ilikuwapo Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014. Tarehe ya namna hii huweza kumsukuma mtu amalize mswada uliokuwa umelala, hata asiposhinda. Soma masharti ya mwaka husika, andika tarehe ya mwisho ukutani, kisha hesabu kurudi nyuma ujue kila wiki unadaiwa kurasa ngapi.

Kama bado hausogei

Umerudi nyuma, umetembea, umesimulia, umejibizana, umekaa dakika zako kwa wiki kadhaa, na hadithi bado imekufa mikononi. Basi kuna uwezekano hadithi hii si ya sasa. Iweke. Lakini kabla ya kuifungia, pitia kurasa zake na penseli, zungushia kila kitu kilicho hai: sentensi, jina, jibu la mtu, harufu. Vinakili kwenye ukurasa mpya wa daftari. Huenda kutoka kurasa thelathini vikabaki vitu sita, na mmojawapo ni yule dalali na kidole chake kilicholowa. Anzia kwake. Muulize anataka nini kabla jua halijazama.